Posho Chini ya Kitanda cha Mama

Mimi nimezaliwa kambini, kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba, nimelelewa kambini, nimeolewa kambini, na mpaka nilipokuwa na watoto wawili sikujua bei ya unga. Msicheke. Bei ya kitambaa nilijua, ya sabuni, ya mafuta ya taa, ya kiatu cha mtoto. Hata bei ya baiskeli nilijua, maana baba yangu aliitamani miaka mingi kabla ya kuipata. Lakini unga haukuwa na bei. Unga ulitoka kwa kampuni kila Jumamosi, kama maji yalivyotoka kwenye bomba la mwisho wa mstari wetu wa nyumba.

Tuliita posho. Waume walifanya kazi, wake walikwenda kupokea. Jumamosi asubuhi tulipanga foleni mbele ya magazini ya kampuni, yaani ghala lake la chakula, kila mmoja na beseni lake, mfuko wake na chupa yake ya mafuta ya mawese. Mkononi, kadi. Juu ya kadi yameandikwa majina: la mume, la mke, ya watoto. Karani anaangalia, anatoboa tundu, anampigia kelele mpimaji hesabu ya mke na watoto: "Muke na babili!" Mpimaji anakupimia unga, maharagwe, karanga, chumvi, na nyama au samaki mkavu wa Kasenga. Kama mtoto wako amezaliwa Ijumaa na jina bado halijaandikwa, mtoto huyo hana posho. Kama shangazi yako amefika na treni, shangazi naye hana. Mtamlisha kwenye sehemu yenu.

Nyumba ilikuwa ya kampuni pia. Ndiyo maana mshahara ulikuwa mdogo na hakuna aliyeogopa udogo wake. Pesa ilikuwa ya nguo, ya kodi ya serikali, ya bia ya wanaume, na ya kuweka sandukuni. Tumbo halikuwamo.

Nina mjukuu anayeishi Kanada, katika mji mmoja wa tambarare, si mkubwa, si mdogo, ambako baridi inaua mpaka gari. Ananipigia simu analalamika: "Nkambo, huku nyumba njo inakula mushahara. Nyumba, na moto ya kupasha nyumba, na chakula ya magazini!" Namsikiliza mpaka mwisho. Halafu namwambia kwamba bei utaijua kwa siku moja, ukienda sokoni na macho yako. Kinachosumbua ni mwezi. Mwezi ni mrefu kuliko mshahara, na urefu wake hakuna anayekufundisha ila njaa. Mimi nilijifunza urefu huo katika kiangazi kimoja, na katika kujifunza nilikaribia kumpoteza mama yangu.

Watu wote wa mstari wetu ninawakumbuka kwa majina, nyumba kwa nyumba, hata watoto waliokufa wachanga. Siyaandiki, maana wana wajukuu wanaojua kusoma.

*

Baba yangu alifanya kazi kwenye tanuru za shaba tangu alipoletwa kutoka kaskazini akiwa kijana. Alikufa masika, kwa kifua. Nyumba ya kampuni ilikwenda na kazi: kazi ikiisha, ufunguo unarudi ofisini. Hawakumfukuza mama kwa ukali, sisemi hivyo. Walimpa wiki kadhaa, wakampa na karatasi ya treni ya bure mpaka kwao kaskazini, ya kutumia kabla kiangazi hakijaisha.

"Kwetu," mama alisema, karatasi ikiwa mkononi. Hakujua kusoma, lakini aliigeuza upande huu na upande huu. "Kule nilitoka niko mutoto, matiti hayajasimama. Baba alikufa, mama alikufa. Ni nani atanijua?"

Nikamchukua.

Hapo lazima nieleze jambo moja, maana vijana wa leo wameliacha. Kwetu, mume na mama wa mke wake hawaangaliani usoni. Hawali sahani moja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawaingii chumba kimoja. Si chuki, ni heshima, tunaiita bukwe. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili, na nyuma yake, hatua sita, jiko la matofali. Mama nikamwekea kitanda jikoni. Tangu siku hiyo mume wangu hakukanyaga jiko. Akitaka maji ya moto, alisimama kwenye pembe ya nyumba na kukohoa.

Kusema nako walisema kwa kupitia kwangu, hata wakiwa karibu kiasi cha kusikiana wakipumua.

"Mwambie mukwe yangu baiskeli yake inaanguka," mama alisema siku moja kutoka jikoni.

Mume wangu alikuwa upande wa pili wa ukuta. Alisikia kila neno. Lakini alingoja.

"Mama anasema baiskeli yako inaanguka," nikasema.

"Mwambie mama-mukwe aksanti."

Wakati huo baiskeli ilikuwa imeshalala chini, na gurudumu linazunguka peke yake.

Basi tulikaa hivyo. Mama hakuwa kwenye kadi, tulikula watano posho ya watu wanne, na hakuna aliyeona pengo. Nyuma ya jiko mama alipanda mboga za matembele na lengalenga, akamwagilia maji ya bomba. Karatasi ya treni ililala sandukuni. Mume wangu hakuitaja, nami sikuitaja.

*

Halafu Jumamosi moja kapita, msimamizi wa kambi, alisimama mbele ya foleni, akapanda juu ya sanduku, akatutangazia kwamba mwezi unaokuja hakuna posho tena. Kila kitu kitaingia kwenye mshahara. "Mutapewa feza, mutanunua benyewe, kama bazungu!"

Furaha ya siku ile! Jirani yangu wa mkono wa kushoto, mwanamke wa upande wa Sakania, mwenye mdomo usiolala, alijivika beseni kichwani na kucheza.

"Maharagwe, kwaheri!" aliimba. "Mi nitakula kuku kila siku, mpaka niote manyoya!"

Mshahara ulifika, na kweli, sikuwahi kuona noti nyingi hivyo mezani petu. Mume wangu alizipanga, akazipangua, akazipanga tena. Tulienda soko la Kamalondo siku hiyohiyo. Tulinunua nyama, samaki, mchele wa kuonja, na mfuko mdogo wa unga, ule wa kadiri ya posho ya wiki, maana ndio ukubwa tuliouzoea machoni. Mume wangu akajinunulia kofia. Mimi nikanunua kitenge, na pesa ya kitenge kile, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa pesa ya unga wa siku kumi. Siku hiyo nilijua uzuri wake tu.

Wadogo wawili wa mume wangu, waliokaa mtaa wa Kenya mjini humohumo, walikuja kutusalimia. Mji mzima ulijua kwamba kambi yetu imepewa pesa mkononi, na kila nyumba ilisalimiwa sana.

Jumamosi ya pili, nyama tena. Mstari mzima ulinuka nyama. Tumbo lilikuwa na kalenda yake: Jumamosi ni siku ya kula vizuri, kwa sababu Jumamosi kinakuja kingine.

Jumamosi ya tatu niliamka mapema, nikajifunga, nikachukua beseni na mfuko, nikatoka. Nilipofika kwenye magazini ya kampuni ndipo nilipokumbuka. Mlango ulikuwa na kufuli na utando wa buibui. Na sikuwa peke yangu. Tulikuwa wanawake saba pale, kila mmoja na beseni lake, na mmoja wetu ameleta hata kadi yenye matundu. Tulitazamana. Yule wa Sakania alianza kucheka, tukacheka wote mpaka tukashika mbavu. Kisha kicheko kikaisha, maana kila mmoja alikuwa amekuja kwa sababu nyumbani hakuna kitu.

Wiki ya nne sitaisahau. Kwenye duka la karibu na lango la kambi unga uliuzwa kwa kopo, na kopo la mwisho wa mwezi halikuwa na bei ya kopo la mwanzo. Mwenye duka naye alikuwa na kalenda yake. Nilinunua kopo moja, kesho yake nusu kopo. Mume wangu alikwenda kazini, karakana ya kampuni, na chai isiyo na sukari tumboni. Watoto walikula matembele bila bukari, ugali wetu, na matembele peke yake ni kama kutafuna kitambaa.

Mama alisema hawezi kula, jino linamuuma. Siku ya kwanza nikamhurumia. Siku ya pili nikamtafutia dawa. Siku ya tatu nikamwambia, "Mama, fungua kinywa." Upande ule alioushika hakukuwa na jino hata moja.

Jioni ile mume wangu alifungua sanduku, akatoa karatasi ya treni, akaiweka mezani. Hakuwa mtu mbaya. Alizungumza chini, akiangalia mikono yake.

"Mi sifukuze mama. Lakini angalia batoto. Kaskazini kuko mashamba, kuko mihogo. Hapa kila kintu ni feza."

"Kule hana mutu."

"Najua."

"Unipe mwezi moja," nikamwambia. "Huu unakuja. Feza ya chakula uniwekee yote mu mukono siku ya mushahara, mbele ya kofia, mbele ya bia."

Alifikiri. "Sawa. Mwezi moja. Chungu ikilala tupu tena, mama anapanda treni mbele karatasi haijakufa."

Alizungumza chini, nimesema, lakini jiko lilikuwa hatua sita. Asubuhi nilimkuta mama amekunja vitenge vyake vyote na kuvifunga ndani ya shuka.

"Mama, unafanya nini?"

"Hapana kitu. Napima tu kama vinaenea."

*

Sikulia. Nilikaa juu ya kinu na kumuuliza mama jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: kwao, kabla ya kampuni, mahindi yalivunwa mara ngapi?

"Mara moja kwa mwaka, mwanangu. Sasa weye ulifikiri nani anatoboa kadi mu pori?"

"Na yalifika vipi mwaka mzima?"

Akaniambia. Mahindi yaliingia ghalani mbele ya watu wote, lakini kutoka yalitoka kwa mkono mmoja tu, wa mwanamke mkubwa wa nyumba. Mume hakuchungulia ndani. "Mwanaume akiangalia mu ghala anaona chakula," mama alisema. "Mwanamuke akiangalia anaona siku."

Siku ya mshahara mume wangu alitimiza neno lake, akaniwekea pesa mkononi. Sikwenda Kamalondo. Nilikwenda na mama ng'ambo ya reli, kwenye kinu cha mashine ambako wakulima wa pembeni ya mji waliteremsha mahindi yao. Pale mahindi ya gunia yalikuwa rahisi kuliko unga wa kopo, rahisi sana, mpaka niliona haya kwa ajili ya yale makopo yote. Mama alitia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akatoa punje za chini, akazing'ata, akakataa gunia la kwanza na la pili. La tatu alikubali. Tukasagisha, tukapakia juu ya baiskeli ya mume wangu, tukaisukuma mpaka nyumbani, mimi mbele, mama nyuma, weupe wote wawili mpaka kwenye nyusi.

Nilishona mifuko minne ya kitambaa. Kila mfuko unga wa wiki moja, na kando yake maharagwe, chumvi na samaki mkavu wa wiki hiyo. Nikashona midomo kwa sindano na uzi. Ikabaki swali moja: niiweke wapi? Chumbani wageni wataiona. Sandukuni haitoshi.

"Chini ya kitanda yangu," mama akasema.

Nikamwangalia. Alikuwa ameelewa kabla yangu. Hakuna mahali katika kambi nzima ambako mume wangu hangeweza kufika isipokuwa pale. Kuingia jikoni ni mwiko. Kuinama achungulie chini ya kitanda cha mama-mkwe wake, afadhali atembee uchi sokoni. Na wadogo zake nao ni wakwe, mwiko huohuo. Benki za mjini zilikuwa na milango ya chuma na askari. Mimi nilikuwa na mama.

Jumamosi ya kwanza nilienda jikoni na beseni. Mama alikuwa amekaa juu ya kigoda katikati ya mlango, mfuko wa kwanza mbele yake, mkasi mkononi.

"Foleni!" akapiga kelele.

"Mama, niko peke yangu."

"Basi simama nyuma ya weye mwenyewe. Kadi iko wapi?"

Nikamwonyesha kiganja. Akakichoma kwa ukucha. "Muke na babili!"

"Uongeze na mama-mukwe, karani."

"Huyo hana mu kadi," akasema, na akacheka mpaka mkasi ukamwanguka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu baba afe.

Yule wa Sakania alichungulia juu ya uzio. "Eh, bantu ba kaskazini! Mama iko karani sasa? Na anatoboa wapi?"

"Kuja nikutoboe ulimi," mama akamjibu, "pengine hewa itapita, utanyamaza kidogo."

*

Wiki ya kwanza ilipita, na ya pili ilianza vizuri. Siku ya Alhamisi wadogo zake mume wangu walifika, na binamu yao mmoja pamoja nao. Kwetu mgeni hafiki akakuta moto umezimwa. Nikasonga bukari iliyokuwepo, nikaigawa ndogondogo. Mume wangu aliona sahani, akaona aibu. Akazunguka nyumba, akasimama kwenye pembe, akakohoa.

"Mwambie mama-mukwe atoe kidogo mu mufuko ya wiki ya tatu."

Nikageuka kwa mama. Kabla sijafungua kinywa akasema, "Mwambie mukwe yangu magazini imefungwa. Tunafungua siku ya posho."

Wadogo zake walisikia. Mdogo wa mwisho, aliyependa maneno, alicheka puani, akamwambia kaka yake: "Yaya, mu hii nyumba njo nani bwana?"

Neno lile lilimwingia mume wangu. Nililiona likiingia.

Jumapili, baada ya misa, alikuja na kuku. Kuku mweupe, mnene, amefungwa miguu kwa kamba mpya. Akamweka hatua mbili kutoka mlango wa jiko, akarudi nyuma, akasimama amevaa koti lake la kanisani. Watu wa mstari waliona kuku, wakajua, wakasogea. Bukwe inaweza kufunguliwa: mume akileta zawadi na ikapokelewa, hofu inaondoka. Anaweza kusema na mama-mkwe wake, kuingia kwake, kukaa kwake.

"Mwambie mama-mukwe," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "miye naomba tuondoe bukwe. Tukae kama mama na mutoto yake."

Yalikuwa maneno mazuri, na niliyaogopa. Kwa maana mama akikataa, amemtukana mkwe mbele ya kambi nzima, na mwenye kumpakia kwenye treni kesho yake hatalaumiwa na mtu. Akikubali, mlango umefunguliwa: mfuko wa tatu na wa nne haitaona Jumatano, chungu kitalala tupu kabla ya mwezi kwisha, na treni ni ileile.

Mama alimtazama kuku kuanzia kichwani mpaka kwenye kamba ya miguu. Kuku alipiga mabawa. Yule wa Sakania, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakusema kitu.

"Mwambie mukwe yangu kuku muzuri sana," mama alisema mwishowe. "Nimemupokea."

Mume wangu akainua mguu mmoja kuja mbele.

"Lakini umwambie vile tunafanyaka kwetu. Kuku inafungua kinywa. Kuanzia leo tutasalimiana, atanisikia na nitamusikia. Ya kufungua mulango ni mbuzi. Na mbuzi haileti yeye. Inaletwa na bakubwa yake, siku bakubwa batakuja."

Wakubwa wake walikaa mbali, siku tatu za treni na siku mbili za miguu. Mguu ukarudi ulikotoka. Yule wa Sakania akapiga kigelegele, watu wakacheka, wakapiga makofi, na mume wangu, ambaye alijua kushindwa kama mtu mzima, akacheka nao.

Asubuhi yake alisimama kwenye pembe ya nyumba. Hakukohoa.

"Mama-mukwe, jambo."

"Jambo, mukwe. Ulilala muzuri?"

"Muzuri."

Na hapo akakwama. Ameomba heshima mbele ya watu wote, amepewa. Neno la kwanza litakuwaje unga? Hakuomba siku hiyo, wala siku iliyofuata. Kuku naye hakuchinjwa. Mama alimfunga kwenye mguu wa kitanda, juu ya mifuko, na baada ya siku chache watoto wangu wakala yai.

*

Wiki ya nne ilifika, na kambi ikanyamaza. Unajua kambi yenye njaa kwa kusikiliza: vinu havipigi, masufuria hayalii, wanawake wanafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Jikoni kwetu moshi ulitoka asubuhi na jioni. Yule wa Sakania alikuja na kopo lake tupu, mdomo wake leo mdogo. "Mama, nisaidie." Mama akampa la kwanza bila maneno. La pili akampa na maneno mengi.

Mimi nilitembea kifua mbele. Jumamosi ya nne tulifungua mfuko wa nne, na nilimwambia mume wangu, mbele ya watoto, kwamba mwezi umeshindwa. Akainua macho kwenye kalenda ya kanisa iliyotundikwa ukutani, akaiangalia, kisha akaniangalia mimi.

Masista walinifundisha miaka mitatu: katekisimu, kusoma, kudarizi. Hesabu kidogo. Nilikuwa nimechukua Jumamosi nne kuwa mwezi, kama kampuni ilivyonizoesha. Lakini mwezi hauishi na Jumamosi ya nne. Una siku zake za mkia, na mwezi ule mkia ulikuwa mrefu. Unga ulikwisha siku tatu kabla ya mshahara. Nilikung'uta mfuko wa nne, nikaukung'uta tena, nikapata kiasi cha kumpaka mtoto usoni.

Mume wangu alirudi kazini, akaketi. Karatasi ya treni hakuigusa. Lakini alikuwa anangoja kuona chungu.

Nilikwenda jikoni na beseni tupu. "Mama, nimekosa. Nilihesabu vibaya. Iko siku tatu mbele, na hakuna kitu."

"Najua," mama akasema. "Mi nahesabia mwezi ya juu, ile inaangaza. Niliona haijafika."

Akainama, akamsukuma kuku, akavuta kutoka kule nyuma kabisa, ukutani, mfuko wa tano. Ulikuwa mdogo, umefungwa kwa kamba, si kwa uzi wangu. Ulikuwa na unga wa siku nne.

"Mama, ulikuwa haukule? Ni jino tena?"

"Jino gani? Nilikula muzuri." Akanitazama kama anayemtazama mtoto mjinga. "Nilipunguza kila mutu. Kila posho, kopo moja chini. Weye, batoto, mukwe, miye. Kuna mwenye aliona?"

Hakuna aliyeona. Hata mimi niliyesimama mbele yake na beseni sikuona.

"Karani ya kampuni alifanya vile miaka yote," mama akasema, akifungua kamba. "Sasa unafikiri ile tumbo yake ilitoka wapi?"

Jioni ile tulikula bukari na maharagwe, na yai moja tukaligawa kwa kisu. Mume wangu alikula polepole. Alipomaliza alinawa mikono, akatoka nje, akasimama kwenye pembe. Nilimsikia akisema, bila kupitia kwangu, "Mama-mukwe, aksanti ya chakula." Na mama akajibu, "Aksanti ya kazi, mukwe."

Siku ya mshahara alirudi moja kwa moja kutoka karakana, ametoka jasho, grisi bado mikononi. Hakupita kwenye bia. Pesa ya chakula aliiweka mkononi mwangu, lakini macho yalikuwa kwenye mlango wa jiko.

"Mama-mukwe," akaita, "leo tuchukue gunia moja ao mawili?"

"Moja na nusu. Mwezi iko na mukia."

Yule wa Sakania hakungoja kualikwa. Alikuja na mfuko wake mtupu na mume wake nyuma, mume mwenyewe anaangalia chini. "Na yetu, mama. Mu nyumba yetu unga inakimbiaka kama panya." Mwisho wa mwezi ule wanawake waliomwekea mama mifuko yao walikuwa watatu, na chini ya kitanda hapakutosha, mume wangu akaokota mbao karakanani, akazipigilia misumari ziwe rafu akiwa nje, akanipa mimi, nami nikaziingiza ndani. Mama alikaa juu ya kigoda chake kila Jumamosi, mkasi mkononi, akiwatukana wote kwa majina.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, karani wa ofisi ya kambi alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Alisimama mlangoni kwetu, akatafuta kwa kidole. Nilikuwa chumbani, namvalisha mtoto.

"Hapa iko mujane mwenye karatasi ya treni," alisema. "Anasafiri siku gani?"

Mume wangu alikwisha kuitoa karatasi ile sandukuni. Akamrudishia.

"Haende, bwana karani," akasema. "Iko na kazi."